Punguzo Lina Bei Yake: Kupatana na Makampuni Hapa Lubumbashi

Anayeuzia makampuni hapa Lubumbashi husikia neno moja kabla hata hajakaa vizuri kwenye kiti: "Mama, bei yako iko juu, punguza." Mnunuzi wa mgodi mkubwa atalisema. Mwenye gereji kule Katuba anayetaka ovaroli sita tu atalisema pia. Vijana wengi wanaoanza kazi hii hulipokea kama amri, wanashusha bei palepale, kisha wanarudi depo wakijiuliza kwa nini wanauza sana na pesa haionekani. Ninaandika kwa ajili yao, kwa sababu nawaona wakifunga maduka wakati wateja bado wapo.

Ninachotaka wakishike ni hiki: mteja anayetaka punguzo ana njia nyingi za kulilipia. Anaweza kulilipia kwa siku za malipo, kwa wingi wa mali, kwa mahali pa kupokelea, kwa oda iliyosainiwa mapema. Kazi yako ni kujua kila kimoja kati ya hivyo kina thamani gani kwako, kwa dola na senti, ili asikuombe kitu ukampa bure.

Mimi huuza buti, ovaroli, helmeti na glavu kwa migodi na kwa makampuni madogo yanayohudumia migodi, kuanzia hapa mjini hadi Likasi, kilomita kama 120, na Kolwezi, kilomita kama 300. Mali yangu nyingi hutoka Afrika Kusini, inapita Zambia na kuingilia Kasumbalesa. Mifano yangu itatoka huko, lakini anayeuza unga, betri za magari au karatasi za ofisi atatumia hesabu hiyohiyo.

Hesabu kwanza

Huwezi kulinda bei usiyoijua. Wengi wanajua walinunua kwa ngapi na wanatamani kuuza kwa ngapi. Kilicho katikati hawajawahi kukiandika. Chukua daftari, tushike mfano mmoja.

Kampuni moja ya Likasi inataka jozi 300 za buti za kazi. Ukijumlisha bei ya kiwandani, lori na forodha, kila jozi inafika depo kwako kwa dola 33. Hizo ni dola 9,900. Pesa hiyo umeikopa kwa riba ya 3% kwa mwezi. Mali inakaa njiani mwezi mmoja, na mteja analipa siku 30 baada ya kupokea, kwa hiyo unalipa riba ya miezi miwili: dola 594, karibu dola 2 kwa kila jozi. Mteja anataka apelekewe mara tatu, na kila safari ya Likasi inakula dola 150. Jumla 450, yaani dola 1.50 kwa jozi. Kodi ya depo, mishahara na simu, weka dola 1.50 nyingine. Sasa jozi moja imekugharimu dola 38. Chini ya hapo unakula mtaji. Ukitaja 42, unabaki na dola 4 kwa jozi, dola 1,200 kwa kazi nzima.

Halafu mnunuzi anasema kwa upole: "Mama, niwekee 5% tu."

Asilimia 5 ya dola 42 ni dola 2.10. Faida yako ilikuwa dola 4. Umeondokewa na zaidi ya nusu ya faida, na ulikuwa bado hujanywa maji uliyokaribishwa. Asilimia zinasikika ndogo kwa sababu zinahesabiwa juu ya bei nzima, wakati zinatoka zote kwenye faida yako peke yake. Kwa hiyo mtu akikutajia asilimia, ugeuze kwanza kuwa dola kwa jozi, uangalie daftari, ndipo ujibu. Hakuna mnunuzi mwenye akili atakayekasirika ukimwambia, "Nipe dakika moja, papa, nipige hesabu."

Mnunuzi mwingine hagusi bei kabisa. Anasema: "Dola 42 ni sawa, ila kampuni yetu inalipa kwa siku 90." Wengi hufurahi na kusaini. Siku 60 za ziada ni miezi miwili mingine ya riba, dola 594, karibu dola 2 kwa jozi. Yule wa 5% na huyu wa siku 90 wamekuomba kitu kilekile kwa ukubwa. Wa kwanza alionekana mkali na wa pili akaonekana mpole, na ni wa pili anayewaangusha vijana wengi zaidi, kwa sababu pesa inayochelewa haionekani siku ya kusaini. Inaonekana siku mkopeshaji anapogonga mlango.

Jambo jingine la hesabu, ambalo linaleta ugomvi kuliko yote: TVA, yaani kodi ya ongezeko la thamani. Ni 16%, na kwenye dola 42 hiyo ni dola 6.72, kubwa kuliko faida yako yote. Kila unapotaja bei, sema mara moja kama TVA imo au haimo, na uandike hivyo kwenye proforma, ile ankara ya awali unayompa mteja kabla ya oda. Vilevile andika dola. Kwa mteja mdogo anayelipa kwa faranga, andika kwamba atalipa kwa kiwango cha kubadilisha dola cha siku ya malipo. Kiwango kinapanda na kinashuka, na muuzaji aliyekubali faranga kwa kiwango cha siku ya oda amebeba hatari ambayo hakuiuza.

Ukimaliza, andika namba tatu juu ya karatasi: bei utakayoitaja kwanza, bei unayoitaka, na bei ya chini ambayo ukifika unasimama. Kando ya hizo andika vitu vyote ambavyo mteja anaweza kukupa vyenye faida kwako. Karatasi hiyo usiifungue mbele yake, lakini uwe umeiandika kwa mkono wako mwenyewe. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Ujue nani hasa ananunua

Mnunuzi wa ofisini anatazama jedwali la bei. Mwenye kujua ukweli wa buti ni mtunza depo wa kampuni, yule anayewagawia wafanyakazi. Mimi huenda kumsalimia kabla ya kwenda ofisini, na simpelekei chochote, namuuliza maswali. Saizi zipi zinaisha haraka? Zipi zinaoza kwenye rafu? Soli zinaachia baada ya muda gani? Wafanyakazi wanalalamika nini? Mtu wa namna hiyo haulizwi mara nyingi, na akiulizwa kwa heshima atakuambia mambo ambayo mnunuzi hayajui.

Kuna pia afisa wa usalama, ambaye anaweza kukataa mali hata kama bei imependeza, na kuna mhasibu, ambaye anaweza kukulipa leo au baada ya miezi miwili. Mnunuzi anazungumza na wewe, lakini amebeba mahitaji ya hawa wote. Ukijua kila mmoja anaogopa nini, utajua cha kusema. Mnunuzi anaogopa kuulizwa kwa nini alinunua ghali. Afisa wa usalama anaogopa ajali. Mtunza depo anaogopa foleni ya wafanyakazi mlangoni kwake asubuhi, kila mmoja anataka saizi 42 na imeisha.

Jua mali yako pia, zaidi ya yeyote atakayekaa mbele yako. Katika mitambo mingi ya Katanga, shaba na kobalti hutenganishwa na mawe kwa asidi ya salfuriki. Kazi ya kwenye matangi inataka kiatu tofauti na kazi ya kwenye ofisi ya umeme. Kwa kanuni ya EN ISO 20345, buti yenye alama ya S3 ina sehemu ya juu inayozuia maji na soli isiyotobolewa na msumari. Yenye alama ya S1P ina soli ya namna hiyo lakini juu yake haizuii maji. Zote mbili zina kinga ya vidole inayohimili pigo la joule 200. Ukiona herufi HRO, soli inavumilia joto la nyuzi 300 kwa dakika moja, na hiyo ndiyo ya watu wa tanuru. Mambo haya si mapambo ya brosha. Ndiyo yatakayokuokoa mtu akikuletea bei ya mshindani.

Na usome habari. Bei ya shaba hupangwa kwenye soko la London, na ikishuka, ofisi za manunuzi hapa zinakaza mikono. Februari 2025 serikali iliposimamisha kupeleka kobalti nje ya nchi, na Oktoba mwaka huohuo ikaweka mgao wa kiasi ambacho kila kampuni inaruhusiwa, muuzaji anayefuatilia mambo alijua mapema kwamba mteja anayetegemea kobalti ataomba siku ndefu za malipo. Aliyejua aliandaa ombi la malipo ya awali. Asiyejua alisikia habari hiyo kwa mara ya kwanza kwenye kiti cha mteja.

Upande wako mwenyewe, panga hati zako: RCCM (hati ya usajili wa biashara), kitambulisho cha taifa cha kampuni, nambari ya kodi. Sheria nambari 17/001 ya tarehe 8 Februari 2017 imetenga kandarasi ndogo kwa kampuni ambazo sehemu kubwa ya mtaji ni ya Wakongomani, na makampuni mengi ya migodi yatakuuliza kama umeandikishwa ARSP, mamlaka inayosimamia kandarasi hizo. Watu hudhani hizo ni karatasi za kuingilia mlangoni tu. Zinafanya kazi hata kwenye bei: mnunuzi mwenye haraka anayejua hati zako ni kamili hatasumbuka kumtafuta mwingine kwa sababu ya dola moja.

Ndani ya ofisi

Salimia vizuri. Hapa kwetu mtu anayeanza na bei kabla ya kuuliza habari za kazi na za nyumbani anaonekana ana njaa, na mwenye njaa hupewa bei ya mwenye njaa. Ukiwa umekaa, usitoe proforma haraka. Uliza kwanza: buti zinaenda sehemu gani, zinahitajika lini, nani atazipokea. Kila jibu ni pesa. Aliyekuambia "tunazihitaji kabla mvua haijaanza" amekuambia kwamba mshindani ambaye mali yake bado iko Kasumbalesa hana nafasi.

Nitaeleza mazungumzo ya aina ninayoyafanya mara kwa mara, kwa namba za mfano wetu. Mnunuzi ni kijana, ana umri wa mwanangu wa kwanza. Namwita papa, yeye ananiita mama, na heshima hiyo haipungui hata bei ikikaza.

"Mama, kuna mtu ananipa kwa 36."

"Asante kuniambia, papa. Buti yake iko hapa?"

Iko chini ya meza. Naiomba, naigeuza, naangalia lebo iliyoshonwa kwenye ulimi wa kiatu. S1P. Naiweka kando ya yangu, lebo kwa lebo, ili asome mwenyewe.

"Hii ni buti nzuri, papa, kwa mtu anayefanya kazi pakavu. Za kwenu zinaenda wapi?"

"Kwenye matangi."

"Na afisa wenu wa usalama ameiona hii?"

Ananyamaza. Na mimi nanyamaza. Hapa ndipo wengi huharibu: kimya kinawachoma, wanakijaza kwa kusema, "Lakini tunaweza kuzungumza bei." Usikijaze. Mtu anayefikiri anahitaji muda wa kufikiri, na wewe umemuuliza swali la kweli. Angalia buti, angalia dirisha, hesabu mpaka ishirini moyoni.

Angalia pia kwamba sikumtukana mshindani. Nilisema buti yake ni nzuri, na ni kweli. Ukimponda mwenzako, mnunuzi anaanza kumtetea, na mazungumzo yanatoka kwenye miguu ya wafanyakazi yanaingia kwenye wivu wenu wawili.

Akirudi, atarudi na jambo jingine: "Sawa, lakini 42 sitaweza kuitetea kwa shefu wangu." Hili ni neno zuri. Ameacha kulinganisha, sasa anaomba msaada. Kabla sijajibu, naomba nisikie yote: "Mbali na bei, papa, kuna kitu kingine kinachowasumbua kwenye hii oda?" Yaani siku, usafiri, saizi, vyovyote. Ukijibu kila ombi peke yake, utashusha bei leo kwa ajili ya bei, kesho kwa ajili ya usafiri, keshokutwa kwa ajili ya siku. Yote yawekwe mezani kwanza, ndipo useme mara moja.

Na unaposema, anza na "kama".

"Bei ya 42 nimeiweka kwa safari tatu na malipo ya siku 30. Kama mtalipa nusu siku ya kusaini oda, mkapokea zote kwa safari moja, na saizi zote zikaandikwa kwenye oda, nitawapa kwa 40.50."

"Nusu haitapita kwa mhasibu. Theluthi moja."

"Kwa theluthi, papa, ni 41."

Anapiga simu. Anarudi: nusu imekubaliwa. Tunaandika.

Sasa rudi kwenye daftari. Nusu ya dola 12,150 ni 6,075; pesa hiyo sikuikopa, na riba yake ya miezi miwili ilikuwa dola 364. Safari mbili za Likasi zimeondoka, dola 300. Nimepokea 664, nimetoa dola 1.50 kwa jozi, yaani 450. Faida ya kazi nzima, iliyokuwa 1,200, sasa iko zaidi ya 1,400, na mteja amepata bei ya chini ya kumwonyesha shefu wake. Zaidi ya hayo, kwa kuwa saizi zimeandikwa, sitabaki na jozi za 37 na 46 zinazolala kwenye rafu. Hakuna aliyedhulumiwa hapo. Ndiyo maana naipenda kazi hii.

Mambo machache ya mdomo, kwa haraka. Usitaje bei mbili, "kati ya 40 na 42", maana mteja husikia 40 tu. Ukishuka mara ya pili, shuka kidogo kuliko ya kwanza, na ya tatu kidogo zaidi. Anayeshuka dola moja, dola moja, dola moja, anamfundisha mteja kuendelea kuomba. Usikubali ombi la mlangoni, lile la "mama, basi na glavu utuongezee", mkiwa mmeshapeana mikono. Matabishi, yaani nyongeza ya bure, yapo katika desturi yetu, nami huyatoa, lakini nayapanga kwenye daftari tangu nyumbani: glavu jozi 10, gharama inajulikana, na zinatolewa mwisho kabisa, kwa ajili ya kufunga jambo.

Ikishindikana, ondoka kwa adabu. Biashara haigombi. "Papa, kwa bei hiyo sitaweza kuwaletea mali ninayoweza kuisimamia. Proforma yangu inabaki halali siku 15." Siku hizo ziandikwe kweli, kwa sababu lori na kiwango cha pesa havisubiri. Kuondoka kunawezekana tu kwa mwenye mteja mwingine, na hili halifundishwi ofisini: ukiwa na mteja mmoja mkubwa anayekulisha, utakubali lolote. Tafuta wa pili kabla hujamhitaji.

Kupitia mkalimani

Migodi mingi ya hapa na ya Kolwezi ni ya Wachina, na mara nyingi utaongea na bosi kupitia mkalimani. Kata sentensi fupi. Mwangalie bosi unapoongea, usimwangalie mkalimani. Namba zote ziandike kwenye karatasi kubwa, kwa tarakimu, na kikokotoo kiwe mezani. Msalimie mkalimani na umheshimu kama unavyomheshimu bosi, maana maneno yako yote yanapita kinywani mwake. Wanapozungumza wao kwa wao kwa muda mrefu, kaa kimya na usianze kujishusha kwa woga. Mara nyingi wanajadili mambo ya ndani yasiyokuhusu.

Anayetaka chake cha pembeni

Lazima niliseme, kwa sababu vijana huniuliza kwa sauti ya chini. Utakutana na mnunuzi anayesema oda ni yako, ila uongeze 10% kwenye bei umrudishie mkononi. Mimi sitoi. Kwanza ni wizi, na wanaoulipia ni watu wanaovaa buti, kwa sababu pesa ya kiatu kizuri imekwenda kwingine. Pili, siku ukaguzi ukifika, jina lililo kwenye ankara ni lako, lake halipo popote. Jibu langu halina ukali: "Papa, bei yangu yote huingia kwenye ankara. Kama kuna punguzo, litaandikwa kwa jina la kampuni yenu." Nimewahi kukosa oda kwa jibu hilo. Lakini mtu anayekujua kwamba hutoi, haombi tena, na kuna wanunuzi waaminifu ambao wanamtafuta muuzaji wa namna hiyo kwa sababu hawataki mashaka.

Mkono umepeanwa, kazi haijaisha

Siku hiyohiyo, kabla jua halijazama, tuma ujumbe wa mistari mitano: mali gani, ngapi, bei na TVA, malipo ya kwanza na ya pili, mahali na tarehe. Uombe ajibu "ndiyo". Kumbukumbu za watu hutofautiana baada ya wikendi moja.

Ukipeleka mali, usiondoke bila hati ya mapokezi yenye jina, sahihi na muhuri. Mhasibu anayetaka kuchelewesha huanzia hapo: muhuri haupo, tarehe haisomeki. Ankara ipeleke mwenyewe na uondoke na nakala yenye muhuri wa kupokelewa, kwa sababu siku 30 huanza kuhesabiwa hapo. Wiki moja kabla ya siku ya malipo, piga simu kwa mhasibu, si kwa kudai: "Mama, nilitaka kujua kama faili yetu imekamilika, au kuna hati inayokosekana." Utashangaa mara ngapi kuna hati inayokosekana.

Mazoezi

Kupatana ni ufundi wa mdomo na masikio, na hauingii kwa kusoma. Nawafundisha wasichana wangu wa depo hivi.

Jioni, kabla ya kufunga, mmoja anakuwa mnunuzi mkali na mwingine anauza. Anayecheza mnunuzi anapewa karatasi ya siri: "shefu wako hataki kupita 41, lakini una haraka sana." Muuzaji anatakiwa aigundue haraka hiyo kwa maswali tu, bila kushusha bei. Kisha wanabadilishana. Anayecheza mnunuzi ndiye anayejifunza zaidi, kwa sababu anahisi mwenyewe jinsi kimya na maswali yanavyosukuma.

Zoezi la pili ni la kununua. Nawatuma kwa wauzaji wa jumla, soko la Kenya, mtaa wa hapa mjini, au lile la Mzee Kabila, wakanunue mifuko au kamba za kufungia, na masharti ni kwamba wasiombe punguzo la bei kabisa. Waombe kitu kingine: kupelekewa, kubadilishiwa kilichoharibika, kulipa nusu sasa na nusu Jumamosi. Wanarudi wakiwa wameelewa ni vitu vingapi vipo nje ya bei. Ila nawakataza kufanya mazoezi kwa mama mwenye fungu la nyanya chini. Faida yake ni ndogo mno, na kile utakachomnyang'anya ni chakula cha jioni cha watoto wake.

La tatu ni kimya. Uliza swali, funga mdomo, usiongee mpaka mwenzako aongee. Fanya hivyo hata nyumbani, na mume, na watoto. Ni gumu kuliko yote mawili.

Na baada ya kila mazungumzo ya kweli, liwe limefaulu au halikufaulu, kila mmoja anaandika ukurasa mmoja wenye sehemu mbili: nilichotoa, nilichopokea. Palipo na kitu upande wa kwanza na pengo upande wa pili, tunakaa pamoja Jumatatu asubuhi na kutafuta tungeomba nini pale. Majibu tunayoyapata yanaongezwa kwenye orodha ya vitu vya kuomba, ile inayokaa kando ya zile bei tatu. Ya kwetu ilianza na siku za malipo na wingi. Sasa ina pia tarehe ya kupokea inayochaguliwa na sisi, lori la mteja linalorudi tupu kutoka Kolwezi kubeba mali yetu, barua ya kututambulisha kwa kampuni jirani, na oda ya mwaka mzima inayotolewa kidogo kidogo kwa bei moja. Anza ya kwako leo na vitu vinne, uipeleke kwenye mkutano wako unaofuata.